Pete ya Serikali, Kuku wa Mgeni

Damu ya kuku haina haraka. Ukishaidondosha kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, inakaa tu, wekundu mwepesi wa rozela iliyochujwa mara mbili, na mtu asiyejua atadhani hakuna kinachoendelea. Mimi huwa naondoka. Nanawa mikono, nasogea dirishani kuangalia kama Mlima Rungwe umejifunua leo au bado umejifunika mawingu yake, nasikiliza mvua ikipiga bati, narudi. Wakati huo chembe nyekundu zimeshaanza safari yao ya kwenda chini. Ukiinama usawa wa meza unaziona zikishuka, polepole mno, hata usingizi unaweza kukuchukua umesimama.

Ndani ya kila kishimo nimechanganya maji ya damu ya kuku ninayempima, kirusi cha ugonjwa ambacho kimeshauawa, na zile chembe nyekundu. Kama kuku ana kinga, kinga yake inakikamata kirusi na kukinyamazisha. Chembe zinashuka kwa amani, zinakusanyika katikati ya kishimo, inabaki nukta moja nyekundu. Ukiinamisha sahani, nukta ya kweli hutiririka, inaacha mkia mwembamba. Kama kuku hana kinga, kirusi kinazishikanisha chembe zenyewe kwa zenyewe, zinatanda kishimo kizima kama utando juu ya uji uliopoa, na hata uinamishe sahani vipi hazisogei. Nukta maana yake kuku amejikinga. Utando maana yake hana kitu. Miaka yangu yote ya Tukuyu, ukiikamua, ni kutofautisha nukta na utando.

Nilizaliwa Singida, ambako kuku tunawajua kabla hatujajua kusoma, na mvua tunaijua kwa kuisubiri. Nilipopangiwa kazi Rungwe nilifika na sanduku moja na viatu vya kamba. Viatu havikumaliza mwezi. Nilipanga chumba Bagamoyo, si ile ya pwani, hii ni kata ya hapahapa mjini Tukuyu, nyumba na maduka yamebanana kwenye mteremko, na asubuhi nikifungua mlango ukungu ulikuwa unaingia ndani kama mgeni aliyezoea nyumba. Nguo zilikuwa hazikauki. Nilikasirika sana mwanzoni, maana mimi ni mwepesi wa hasira na sioni sababu ya kuficha. Nilimkasirikia hata mwenye nyumba, kana kwamba ndiye aliyeileta mvua. Halafu sijui ilikuwa lini, nikajikuta nimesimama uani na kikombe cha chai iliyochumwa kwenye vilima ninavyovitazama, ukungu umenifika kiunoni, na sina hasira na mtu.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye friji, mashine ya kuzungushia damu na meza ndefu. Damu zilizotoka vijijini tulizipima mara mbili. Kwanza tulitafuta mafua ya ndege, ule ugonjwa unaotangazwa redioni watu wakaogopa hata kununua mayai. Kuku wetu hawachanjwi dhidi yake, kwa hiyo pale tulitaka kuona utando mtupu. Nukta ingemaanisha kwamba mafua yameshapita kimyakimya kwenye mabanda ya watu. Kisha tulipima kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, kile kinachokuja na kufagia kuku wa kijiji kizima, asubuhi unakuta wamelala shingo zimepinda. Kideri kina chanjo, tone moja la jichoni, na hapo ndipo tulipotaka nukta. Sahani mbili kwenye meza moja, na mimi katikati nikiomba utando huku na nukta kule. Wakati mwingine nilikuwa nazichanganya sala zenyewe.

Kijiji cha Kisiba kiliingia katika kazi hii mwaka wa mvua nyingi kuliko kawaida. Ukitoka Tukuyu kwenda huko unashuka, na kadiri unavyoshuka hewa inapata joto, migomba inanenepa, mpaka ziwa la kijiji linajitokeza chini ya kingo zake, duara, kimya, maji yake hayana pa kukimbilia. Siku ya kwanza nililitazama nikaona kishimo cha sahani yangu, kimekuzwa, na nikawa nasubiri kitu kishuke katikati yake. Dereva wa pikipiki aliniuliza kama naumwa.

Mchanjaji wa kijiji alikuwa mwanamke mwembamba wa rika langu, ameolewa hapo. Yeye hakuwa mtumishi. Alichaguliwa na wanakijiji kwenye mkutano, akafundishwa, akapewa kichupa cha dawa na kidondoshi. Chanjo aliibeba ndani ya chupa ya chai iliyofungwa khanga mbichi, na juu ya khanga ameviringisha majani ya mgomba, mzigo mzima unachuruzika maji anapotembea. Alikuwa na namna yake. Kuku akishashikwa, alimgeuza kichwa taratibu, akamsemesha maneno ya Kinyakyusa kwa sauti ya chini, akadondosha tone, halafu akamshikilia hivyohivyo mpaka kuku apepese jicho.

"Asipopepesa, halijaingia, dokta," aliniambia. "Wengi wanadondosha na kuachia. Tone linaishia shavuni."

Kazi ile ilikuwa imempa jina. Zamani alikuwa mke wa fulani, sasa watoto walikuwa wanakimbia mbele yake wakitangaza kwamba mchanjaji anakuja, na wanaume wazima walikuwa wanaamka alfajiri kumzuilia kuku bandani. Aliipenda kazi hiyo waziwazi, bila aibu, na mimi nilimpenda kwa sababu hiyo. Jambo moja tu lilimsumbua. Tulikuwa tunapanda kwenda boma la mama mkwe wake, juu kidogo ya ziwa, akasema bila kunitazama, "Mama hajawahi kuniambia kama kazi hii ni nzuri au mbaya. Miaka yote. Ananiangalia tu."

Bibi mwenyewe tulimkuta amesimama mlangoni, mrefu, mkavu, kitenge kimekazwa kifuani. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa changu cha kuungaunga, "Mwaghonile, bibi," akacheka na kunipokea kwa mikono miwili. Na kweli, kwa mkwe wake hakuwa na neno. Walipishana uani kwa heshima, macho chini, kila mmoja akijua kazi yake, na wala sikuona ubaya ndani yake. Ilikuwa ni adabu ya mahali pale, ila ni adabu ya baridi ukiwa wewe ndiye unayeisubiri ivunjike.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Katika kila boma tulichagua baadhi ya kuku, nikawatoa damu kidogo kwenye mshipa wa bawa, tukawavisha pete nyekundu za plastiki mguuni, na hao ndio mchanjaji aliowadondoshea. Wenzao tuliwaacha kwanza, bila pete na bila chanjo, ili tuwe na cha kulinganisha, tukaahidi kuwachanja baadaye. Tuliwaeleza watu kwamba kuku wenye pete ni wa utafiti wa serikali, wawatunze, tutarudi kuwatoa damu tena. Watu wakaitikia. Rungwe watu wanaitikia vizuri sana, mpaka unasahau kuuliza wameelewa nini.

Mvua ikatukuta boma la mwisho, palepale kwa bibi. Bibi alikuwa ameshabandika chungu cha mbalaga, ndizi zimeanza kunukia, lakini dereva akasema tusipoondoka sasa barabara itatuzuia. Tukaondoka mbio bila hata kunawa mikono. Nilipogeuka nilimwona bibi amesimama mvuani na sahani mkononi, na nikaona haya.

Siku chache baadaye pikipiki ikasimama mbele ya nyumba yangu Bagamoyo. Kijana akashuka na tetea wa rangi ya majani makavu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Dokta, mzigo wako huu. Bibi wa Kisiba anasema mgeni wake aliondoka na njaa. Na kaniambia ukikataa nisirudi naye, nitajua mwenyewe pa kulala."

Nikacheka mpaka majirani wakatoka. Mtu wa Singida analetewa kuku! Ni sawa na kumpelekea mtu wa Kyela mchele. Nilimfungua kamba nikiwa na nia kabisa ya kumla Jumapili, lakini Jumapili ilipofika alikuwa ameshapata kona yake chini ya ngazi, na alikuwa na tabia ya kunifuata mpaka bombani akisema maneno yake madogo madogo kooni. Basi nikala maharage. Asubuhi za ukungu nilimsikia kabla sijamwona, nikamzoea kuliko nilivyowazoea watu.

Muda wa kinga kukomaa ulipofika nikarudi Kisiba, nikawatafuta wenye pete, nikawatoa damu. Mchanjaji alinishikia kuku mmoja mmoja, uso unang'aa. Alikuwa na uhakika. Bibi alikuwa amefunga ndizi na parachichi kwenye kapu langu kabla sijafika, na safari hii nilikula mbalaga mpaka nikashindwa kuinama.

Maabarani nikapanga sahani zangu. Upande wa mafua ya ndege, utando kila mahali, safi, nikamshukuru Mungu. Upande wa kideri nikasubiri. Nikaenda dirishani, nikarudi. Mabomba ya paa yalikuwa yanaimba. Nikainama usawa wa meza nikaona chembe haziendi popote. Safu kwa safu, zimetanda. Nukta moja huku, nukta nyingine kule, lakini sehemu kubwa ya sahani ilikuwa utando, kana kwamba hakuna aliyewahi kupita Kisiba na kichupa. Nikarudia upya. Utando. Nikakaa kwenye kiti nikajisikia vibaya kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mtu mwingine na kuambiwa aipeleke yeye.

Mkuu wangu wa kazi ni mtu mwema, ila hapendi maelezo marefu. Akatazama sahani, akasema ama dawa iliungua kwa joto, ama tone halikuingia, na vyote viwili ni mkono wa mchanjaji. Kijiji kitafutiwe mwingine. Nikabisha. Nikamweleza khanga mbichi, majani ya mgomba, jicho linavyopepesa. "Damu inasema nini?" akauliza. Nikatoka nikaubamiza mlango, jambo ambalo nilikuja kuliombea radhi.

Habari ilimfikia mchanjaji kabla yangu, na ilipofika ilikuwa imeshaharibika. Kisiba walishaanza kusema matone yalikuwa maji ya ziwa tu. Nikampigia simu.

"Nimemrudishia mwenyekiti chupa ya chai," akasema. "Wanawake wananipisha njiani, dokta. Jana mtu kaona napita kafungia kuku wake ndani."

"Na mama mkwe wako anasemaje?"

"Mama? Ananiangalia tu."

Nilimwambia anisubiri, ingawa sikuwa na cha kumfanya anisubiri.

Wakati huo maabara ilikuwa na msiba wake mdogo. Zile chembe nyekundu tunazotumia kwenye vishimo lazima zitoke kwa kuku asiyewahi kuchanjwa wala kuugua, na sisi tulikuwa na kuku wetu wa damu, tetea mzee mpole, akikaa nyuma ya ofisi. Kicheche alimla. Nilikuta manyoya tu. Sahani zilikuwa zinasubiri, damu za vijiji vingine zinasubiri, nami nikamkumbuka tetea wangu wa chini ya ngazi. Ametoka boma la bibi, hakuja na pete, kwa hiyo ni wa wale tulioacha bila chanjo. Nikambeba kwapani mpaka ofisini, akiwa ametulia anatazama maduka.

Kuku wa damu hatumiki kabla hajapimwa mwenyewe. Ni desturi ya kazi, unahakikisha hana kitu. Nikamtoa damu, nikaweka maji yake kwenye safu ya pembeni ya sahani ya kideri pamoja na chembe chache nilizobakiza frijini, bila matarajio, nikaenda kupika chai. Niliporudi nikainama.

Nukta. Kishimo cha kwanza, cha pili, na kuendelea, nimezimua na kuzimua maji yake na bado nukta, kali, ndogo, katikati kabisa. Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikarudia, na mara ya pili nilikaa hapohapo, sikuenda dirishani. Zikashuka tena mbele ya macho yangu, bila haraka, kila moja mahali pake. Nikamchukua tetea, nikampakata, nikamnyanyua mguu kwenye mwanga. Juu ya kidole cha nyuma magamba yalikuwa yamesuguliwa, mstari mweupe umezunguka mguu mzima. Huyu alikuwa amevaa pete.

Kesho yake nilikuwa Kisiba, nimelowa, na hasira zangu zote nimezibeba. Sikukaribia hata kiti.

"Bibi," nikasema, "kuku uliyeniletea alikuwa na pete."

"Ee, alikuwa nayo," akasema, bila wasiwasi wowote.

"Ikaenda wapi?"

Akanionyesha jogoo mchanga aliyekuwa akichakura chini ya mgomba. Pete nyekundu ilikuwa mguuni mwake. "Si ile pale? Sijaipoteza. Nimeitunza."

Nikakaa. Mchanjaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono mdomoni.

"Bibi yangu, kwa nini ulimvalisha huyu?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto jambo ambalo hata mtoto angelijua. "Mwanangu, kuku ni wangu. Pete ni ya selikali. Nikikupa kuku na pete ya selikali, wakikukuta nayo njiani si utaitwa mwizi? Na mkija kuhesabu kwangu, si itakuwa imepungua? Basi kuku nikakupa. Pete nikaibakiza hapa. Kila mtu kapata chake."

"Na wengine? Majirani?"

"Wote tunafanya hivyo," akasema. "Tutakulaje kitu cha selikali?"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Katika kijiji kizima, kila kuku wa pete alipotakiwa kwa mgeni, kwa mkwe, kwa mchungaji, kwa msiba, watu wema wale walimvua pete kwa uangalifu na kuivisha mguu mwingine, ili serikali isipungukiwe. Nami nilikuwa nimewatoa damu wale waliobaki, ambao hawajawahi kuona hata tone. Mchanjaji alikuwa bado amesimama pale pale. Akauliza polepole sana, "Kwa hiyo mkono wangu haukukosea?"

"Sijui bado," nikamjibu, maana mkuu wangu asingekubali kuku mmoja. "Ila nipe majina ya wageni."

Zikafuata siku ambazo nikizikumbuka zinakuwa ndoto, sijui kwa sababu ya ukungu au kwa sababu ya furaha. Nilizunguka Rungwe nikifuata zawadi za watu. Kiwira, nyuma ya maduka ya barabarani, nilimkuta kuku wa Kisiba aliyepelekwa kwa wazazi wa bibi harusi, anataga ndani ya kapu la makaa. Nilipanda hadi kwenye nyumba ya mwalimu katikati ya mashamba ya chai, mawingu yanapita mlangoni, kuku amelala juu ya rundo la madaftari. Mchungaji mmoja mstaafu aliniuliza kwa upole kama kuku wake ametenda dhambi. Wengine walikuwa wameshaliwa, hao walikwenda na kinga yao. Lakini waliobaki niliwainua mguu mmoja mmoja, nikauona ule mstari, nikachukua damu kidogo, nikashukuru. Kila nilipofika waliniwekea chakula. Niliona wilaya nzima imeunganishwa kwa kuku, boma na boma, na nikajiuliza ni kwa nini nimekuwa nikiitazama kwenye ramani ya ofisi.

Siku ya kusoma sahani niliwaita wote wawili. Mchanjaji alikuja na gauni la kanisani, macho yamevimba. Bibi alikuja na mkungu wa ndizi, akauweka mezani karibu na mashine ya kuzungushia damu, sikuwa na ubavu wa kuuondoa. Mkuu wangu akasimama nyuma, mikono mifukoni. Nikadondosha chembe, za kuku mpya wa damu, kwenye kishimo cha mwisho nikawaambia tusubiri.

Mvua ilikuwa imesita, ukungu umekaa dirishani mweupe kabisa, huoni hata mti ulioko uani. Bibi alifumba macho, nikadhani amelala. Mchanjaji aliinama usawa wa meza kama nilivyomwonyesha, na uso wake ulikuwa karibu na sahani kiasi kwamba pumzi yake iliacha ukungu mdogo kwenye plastiki. Nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Niliogopa, naomba nieleweke, niliogopa kuliko siku ya mtihani wangu wowote.

"Zinashuka," akanong'ona.

Zilikuwa zinashuka. Safu ya Kiwira, safu ya mwalimu, safu ya mchungaji, safu ya tetea wangu. Nukta moja moja, katikati. Nikaichukua sahani nikaiinamisha mbele ya mkuu wangu, nukta zikatiririka zote kwa pamoja zikiacha mikia yao. Akatazama, akavua miwani, akatazama tena. "Kisiba ibaki na mchanjaji wake," akasema, akatoka. Yeye ndivyo alivyo.

Mimi bado nilikuwa na swali. Nikamgeukia bibi. "Lakini bibi, ulikuwa na kuku wengi bila pete. Majirani pia. Mngegawa hao, yote haya yasingetokea. Kwa nini kila mtu alimchukua mwenye pete?"

Bibi akafumbua macho. "Mgeni unampa kuku wa kumfia mkononi? Wiki haijaisha amekufa, mgeni atakuonaje? Ni aibu." Akatengeneza kitenge chake. "Nilimtafuta aliyeshikwa na mkwe wangu. Huyo najua hafi. Na wenzangu ndivyo wanavyofanya. Wanasema mdomoni maji ya ziwa, maji ya ziwa, lakini kuku wa kumpa mchungaji wanamtafuta mwenye pete."

Mchanjaji alikuwa bado ameinama mezani. Hakuinuka. Niliona mabega yake tu.

"Mama," akasema, "hujawahi kuniambia."

Bibi akamtazama kwa mshangao wa kweli. Akanyoosha mkono wake mkavu akauweka juu ya mgongo wa mkwe wake, pale pale mbele yangu, na akauacha hapo.

"Ningekuambia nini tena, mwanangu?" akasema. "Si nilikuwa nawagawa?"